Koplo Aliyetembea Mbele ya Lori

Mara ya kwanza nilipomwona koplo yule, alikuja hospitalini kwetu kung'olewa jino akatoroka. Hakukimbia. Alitazama koleo lililokuwa kwenye trei, akainuka kitini, akavaa kofia yake vizuri, akaniambia kwa adabu kwamba jino limeacha kuuma, kisha akatoka zake. Mimi na muuguzi mwenzangu tulicheka mpaka machozi. Siku ya tatu alirudi, shavu limefura hadi jicho la upande ule limekaribia kuzibika. Safari hii alikaa. Alishika kiti kwa mikono miwili, akafumba macho, na jino lilipotoka akaomba alitazame, kisha akalitupa dirishani kwa hasira.

Nimewahi kuwasikia watu wakizungumza juu ya mashujaa kana kwamba walizaliwa bila kuijua hofu. Koplo yule aliogopa mambo mengi. Aliogopa koleo, aliogopa nge, na kwa sababu ya mamba hakuingia maji ya Tana kupita magoti. Alikuwa mtu wa Ukambani, mwembamba, mpole wa kusema, na kila asubuhi alipiga viatu vyake ukutani mara tatu kabla ya kuvivaa, hata kama alivivua muda mfupi tu uliopita.

Mimi nilikuwa mkunga, mwaka wangu wa pili tangu nimalize mafunzo. Nilizaliwa milima ya Taita, mahali ambapo mtu huamka akakuta ukungu mlangoni, na barua ya kunipeleka Garissa ilipofika mama yangu aliikalia. Nasema aliikalia kweli: aliiweka chini ya mto wa kiti, akakaa juu yake kutwa nzima, akisema haijafika. Vita vilikuwa vimeshika kasi kule kaskazini mashariki, na kila mtu alikuwa na habari yake ya kutisha. Nilikwenda hata hivyo. Kazi ilikuwa kazi, na nilikuwa katika umri ambao mtu hudhani kifo ni jambo la watu wengine.

Garissa nilichokizoea mwisho ni joto. Maji ya kunywa yalitoka mtoni, rangi yake kama chai ya maziwa, tukayaacha ndooni yatulie ndipo tuyachemshe. Kufikia saa kumi na mbili jioni kila mtu alikuwa ndani kwa amri. Hakuna gari lililotoka mjini peke yake. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Waliopigana na serikali tuliwaita shifta, sote, na wenyeji walipokuja hospitali nao walisema shifta. Walichowaita nyumbani kwao sikukijua, wala sikuuliza.

Kila wiki mbili nilikwenda Bura kupima wajawazito na kuchanja watoto. Watu wa huko walikuwa wamekusanywa kutoka malishoni wakawekwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa ua wa miiba, na hawakuruhusiwa kwenda mbali. Nyasi za karibu zilikwisha mapema. Mifugo ikafa, na mizoga ilikuwa nje ya ua ule unaiona. Watu wale hawakutupenda, na nikikumbuka niliyoyaona siwalaumu. Wanawake walileta watoto wachanjwe, wakainua nguo, wakaishusha, wakaondoka bila kunitazama usoni.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya siku tatu. Askari walionisindikiza kwa lori lao walikuwa wanane, chini ya sajini mmoja mnene aliyeheshimika sana, na koplo wangu wa jino alikuwa miongoni mwao. Tulilala kambini, karibu na kijiji. Asubuhi ya kuondoka, nikiwa nafunga masanduku ya dawa, sajini alikuja akaniambia hatuondoki. Redio ilikuwa imeleta habari kwamba jana yake lori la mfanyabiashara lilikanyaga bomu lililotegwa njiani, maili chache tu kutoka Bura, na dereva akafa. Amri ilikuwa gari lolote lisitembee mpaka wataalamu waje na vyombo vyao kutoka Garissa kuipima njia. Huenda kesho, akasema, huenda kesho kutwa.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifungua sanduku, nikatoa kitabu, nikakaa kivulini.

Sikumaliza ukurasa. Mwanamke mmoja mzee alikuja mpaka kwenye lango la kambi, akasimama pale bila kusema na walinzi, akininyooshea mimi kidole. Alikuwa mrefu, mkavu, uso umechorwa na jua. Nyuma yake wanawake wanne walibeba mtu kwenye mkeka. Alikuwa mke wa mwanawe, msichana wa miaka kumi na minane hivi, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimwanza jana, chupa ikapasuka alfajiri, na baada ya hapo, mzee yule alinieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, kilichotoka si kichwa.

Nilimpima palepale, wanawake wakizungushia shuka. Mtoto alikuwa amelala kukingama, na mkono wake mmoja ulikuwa umetangulia nje hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa na rangi ya zambarau. Nikaugusa kiganja, nikiwa sina matumaini, na vidole vile vikajikunja vikashika kidole changu.

Nilijua mambo mawili. Mtoto yu hai, na hawezi kutoka kwa njia hiyo. Bila kupasuliwa, tumbo la uzazi la msichana yule lingechanika kabla ya jua kuchwa, wote wawili wakafa. Daktari wa kupasua alikuwa Garissa.

Nilimwendea sajini. Akasikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye redio, akarudi. Ndege haikuwepo; ilikuwa imeitwa Wajir. Wataalamu walikuwa bado. Amri ilikuwa ileile. Nilimwambia ikiwa ni hivyo awaambie wale wanawake yeye mwenyewe, kwa sababu mimi sitaweza. Hakukasirika. Alijifuta jasho shingoni, akatazama chini.

Koplo alikuwa amesimama karibu, anasafisha bunduki. Akauliza njia mbaya ni maili ngapi. Sajini akamwambia ni saba, mchanga mtupu, hadi pale changarawe inapoanza. Kutoka hapo askari wa Garissa walikuwa wamepita asubuhi hiyo na pako salama.

"Basi mimi nitatangulia kwa miguu," koplo akasema. "Lori linifuate nyuma, hatua mia. Nilifundishwa mabomu wiki sita."

"Wiki sita," sajini akasema.

"Ndiyo, afande. Nilipita mtihani."

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliobanwa. Sajini hakucheka. Alimtazama koplo, akamtazama msichana kwenye mkeka, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba redio ina hitilafu, anakwenda kuishughulikia, na kazi hiyo itamchukua nusu saa. Akaingia ndani ya hema, akashusha pazia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ametupa ruhusa bila kuitoa.

Koplo hakutaka mtu mwingine. Askari wawili walijitolea kwenda naye, akawakataa, akisema mtu mmoja akilipuka ni hasara ndogo kuliko watatu. Dereva wetu alikubali kuendesha. Alikuwa mtu asiyesema sana, na hakusema sana hata siku hiyo. Walijaza mifuko ya mchanga kwenye sakafu ya lori, wakatandika godoro juu yake. Nilimlaza msichana nikamwinua makalio ili uzito usimlemee mtoto, nikamdunga sindano ya kupunguza uchungu, nikaomba idumu. Mzee alipanda bila kusaidiwa. Alikaa amempa koplo na dereva mgongo; askari wengine walibaki kambini.

Tuliondoka kama saa mbili na nusu asubuhi.

Koplo alivua viatu. Alisema unyayo husikia mchanga uliolegea kuliko macho yanavyouona. Alishika singe ya bunduki yake mkononi, akatembea katikati ya alama za magurudumu, akiinama, akienda kushoto, akirudi kulia. Penye shaka alipiga magoti, akachoma mchanga polepole, kwa mshazari, mara kumi, mara ishirini, kisha akainuka akatupungia mkono. Lori likajongea. Likasimama. Likajongea. Nimepita njia ile miaka mingi baadaye na dereva mwingine, maili zile saba tukazimaliza kabla sijatafuna pipi yangu. Siku ile zilitula asubuhi nzima na zaidi.

Jua lilipanda. Shati lake lililowa, likakauka, likabaki na mistari myeupe ya chumvi. Nilikuwa nimemshika msichana mkono, nikihesabu pumzi zake, na kila mara nikiinua shingo kuona kama yule mtu mbele bado amesimama.

Mzee ndiye aliyenishangaza. Mwanzoni hakutazama. Baadaye akageuka, akashika ubao wa lori, akawa anafuatilia kila anachofanya. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilidhani anaomba Mungu. Mahali njia ilipopinda, kando ya vichaka vya miiba, koplo alipiga magoti upande wa kushoto. Mzee akasema kitu kwa Kisomali, kwa hasira, kama mtu anayemwona mwingine akikosea kukamua. Halafu kabla sijamshika akawa ameruka chini.

Dereva alimpigia kelele arudi. Hakurudi. Alikanyaga palepale palipokanyagwa na koplo, nyayo juu ya nyayo, mpaka akamfikia.

"Wewe askari," akamwambia, p yake ikitoka b kama kawaida ya watu wa kwao, "habana tafuta haba. Tafuta ile."

Alinyoosha kidole upande wa pili, ambapo mimi sikuona chochote. Koplo alikwenda pale, akapiga magoti. Singe iligonga chuma mara ya tatu.

Koplo aliniambia baadaye kwamba alimuuliza, "Umejuaje, mama?" Naye akamjibu kwamba amefuata ngamia waliopotea miaka hamsini, anajua mchanga uliolala wenyewe na mchanga uliofagiliwa na tawi. Kisha akaongeza kwamba gari likipinda hukanyaga upande wa ndani, na hilo linajulikana. Linajulikana na nani, hakusema.

Kijijini, kila mtu alisema mwanawe, mume wa yule msichana, alikuwa amekwenda msituni kwa shifta. Hata mimi niliwahi kusikia. Koplo naye alikuwa amesikia, nina hakika. Alimtazama mzee, mzee akamtazama, na koplo akasema, "Basi nionyeshe mchanga, mama."

Waliliwekea bomu lile miiba pande zote, dereva akazunguka kupitia vichakani, matawi yakikwaruza lori. Kutoka hapo walikwenda wawili, koplo mbele na mzee hatua chache nyuma yake, akielekeza kwa fimbo aliyoivunja njiani. Koplo alijaribu mara kadhaa kumrudisha kwenye lori. Ilikuwa kama kumwambia mtu asiyesikia. La pili walilipata karibu na mti uliokauka. Tukalizunguka pia.

Kufikia saa sita sindano ilianza kuisha nguvu. Msichana alianza kusukuma, nami nikimsihi asisukume, kwa Kiswahili ambacho hakukielewa, nikimpulizia usoni kumwonyesha apumue vipi. Niligusa tena kile kiganja. Kilikuwa kimelegea. Nikakifunga kwa kitambaa chenye maji, nikamwambia dereva kupitia dirisha kwamba muda unatuishia. Akanijibu kwamba tumefika kwenye laga.

Laga ile ilikuwa mkondo mkavu wa mto, kingo zake ndefu na zimesimama kama kuta. Gari liliweza kuteremka mahali pamoja tu, katika mwanya uliochimbwa, upana wake lori moja. Na katikati ya mwanya ule, mzee alikuwa amesimama amepigilia fimbo yake chini, akitikisa kichwa.

Hapakuwa na pa kuzungukia.

Koplo alikuja mpaka kwenye lori. Nilimwona kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Midomo ilikuwa imepasuka. Aliuliza msichana anaendeleaje. Nikamwambia. Akamwambia dereva arudi nyuma hatua mia mbili, akae na injini ikinguruma. Kisha akasema nasi sote wawili, taratibu, kama mtu anayetoa maelekezo ya kufika dukani:

"Nitalitoa kwa mkono. Likilipuka, njia itakuwa imefunguka. Msisimame kwa ajili yangu. Piteni, shimo lisiwazuie, teremkeni mwendo mkali mpaka ng'ambo. Sista, umenisikia?"

Alirudia, "Umenisikia?" mpaka nikasema nimesikia. Akachukua chupa yake ya maji, iliyokuwa imebaki nusu, akanikabidhi nimpe msichana. Akaenda.

Mzee hakutaka kuondoka mwanyani. Koplo alimshika mabega kwa heshima, akamgeuza, akamsukuma polepole kuja kwetu. Alitembea hatua kadhaa, akasimama, akageuka. Pale akakaa chini, njiani, kati ya koplo na sisi.

Koplo alilala kifudifudi. Tuliona nyayo zake tu, nyeupe kwa vumbi, na mgongo. Alichimba kwa vidole. Sijui ilichukua muda gani. Dereva alisema dakika ishirini, mimi ningeapa ni saa mbili. Nilijifunza siku ile kwamba mtu anaweza kusahau kupumua. Mara moja alisimamisha kazi, akaweka shavu mchangani, akatulia hivyo kama aliyelala usingizi, na mzee akamwita kwa sauti ya chini.

"Hooyo," akasema. "Hooyo, taratibu."

Kisha tukamwona anapiga magoti, anainuka, amebeba kitu kifuani kama sahani pana ya chuma. Alipanda nacho ukingo, hatua kwa hatua, akatokomea kwenye vichaka. Akakaa huko. Dereva alianza kuomba kwa sauti. Halafu koplo akatokea, mikono mitupu, akashika mti, akainama akatapika, akajifuta mdomo kwa kiganja, na kutupungia mkono tuje.

Nililia hapo. Si kwa huzuni. Nilikaa juu ya mfuko wa mchanga, nikilia na kucheka, na msichana akanitazama kama nimepata wazimu. Dereva aliteremka lagani akipiga honi, honi ndefu isiyo na sababu yoyote, katika nyika isiyo na mtu.

Hatukukuta bomu lingine. Changarawe ilipoanza, koplo aliichunguza kwanza kipande kirefu, hakuamini, ndipo akapanda nyuma pamoja nasi. Nyayo zake zilikuwa zimeungua malengelenge. Mzee aliivuta miguu ile mapajani mwake bila kuomba ruhusa, akaimiminia maji, akaanza kuisafisha kwa pindo la nguo yake. Koplo alinong'ona akiniuliza kwa nini mama mzima anamwita hooyo, kwa maana alikuwa akijua neno hilo ni mama. Nikamweleza nililofundishwa na wanawake wa wodini: kwa watu hawa mama humwita mwanawe kwa jina lilelile ambalo mwana humwitia yeye. Aligeuza uso akatazama njia tulikotoka. Baada ya muda mfupi akawa amelala kweli, kichwa kikigongagonga ubao.

Tulifika Garissa kama saa kumi. Daktari alikuwa amepata habari kupitia redio. Nadhani ile hitilafu ya sajini ilipona mara tu tulipoondoka. Msichana aliingizwa chumba cha upasuaji palepale. Nami niliingia, ingawa nilikuwa nimechoka hata kusimama. Mtoto alitoka mlegevu, wa kiume, mkono mmoja umevimba. Nilimsafisha mdomo, nikampulizia, nikamsugua mgongo. Hakuna. Nikampulizia tena. Daktari alikuwa tayari ameshamgeukia mama. Mara kikatoka kikohozi kidogo kama cha paka, kisha kilio, kilio cha hasira, kikajaza chumba, na daktari akasema bila kugeuka, "Huyo ni askari."

Nilitoka nje kumpa mzee habari. Alikuwa amekaa chini ukutani. Nikamwambia wote wazima. Hakushangilia. Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, akavuta pumzi kana kwamba tangu jana hakuwa amevuta, akasema "Alhamdulillahi" mara nyingi, taratibu, ikawa kama anahesabu.

Siku chache baadaye koplo alikuja wodini amevaa ndara, miguu imefungwa bandeji. Alimtazama mtoto kwa mbali, hakutaka kumshika. Msichana alitaka kumpa mtoto jina la koplo, lakini koplo alipoulizwa alitaja jina la ubatizo ambalo hakuna Msomali angeweza kulibeba, wanawake wa wodi nzima wakacheka, naye akacheka nao. Mtoto akapewa jina la babu yake.

Koplo alikuwa amekuja kwa shughuli nyingine. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba uchunguzi unafanywa. Afisa fulani kambini alikuwa akiuliza nani aliruhusu lori litembee, na vipi mtu mmoja mwenye singe aliona mabomu matatu ambayo wengine wasingeyaona. Ningetakiwa kuandika maelezo.

"Ukiandika," akasema, "andika mama yule alikaa ndani ya lori mwanzo mpaka mwisho."

Nilielewa. Wangejua alivyosaidia, wangemwuliza amejuaje, na baada ya hapo wangemwuliza mwanawe yuko wapi. Nikamwuliza na sajini je. Akasema sajini alikuwa kwenye redio, hakujua lolote. Yeye koplo ndiye aliyechukua lori kwa kichwa chake.

Nikamwambia watamvua mistari ya cheo.

"Nilikuwa askari wa kawaida miaka minne," akasema, "na chakula nilikuwa nikishiba."

Niliandika kama alivyotaka. Ni mara moja tu katika maisha yangu ya kazi nimetia sahihi karatasi nikijua si kweli yote, na sijajuta. Walimvua mistari yote miwili na kumfungia kambini wiki mbili. Sajini, nilisikia, alimpelekea chai kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, sajini mzima amebeba birika, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Baada ya miezi kadhaa kikosi chao kilihamishwa. Koplo wangu alikuja kuniaga akiwa na haraka, lori linamngoja. Nilitaka kumwambia jambo kubwa, nikaishia kumwuliza kama amefungasha chakula cha njiani. Akasema amefungasha.

Amani ilipotangazwa hatukuiamini mara moja. Tuliendelea kufunga milango mapema kwa mazoea. Lakini siku moja niliona magari mawili ya biashara yakitoka mjini bila askari, watu wamekaa juu ya mizigo wakiimba, nikajua imekwisha kweli. Wiki hiyo niliomba kwenda Bura. Tulikwenda dereva wa hospitali na mimi tu, madirisha wazi.

Ua wa miiba ulikuwa umebomolewa na watu wengi walikuwa wamerudi malishoni. Mzee nilimkuta nje ya kijiji, na mbuzi wachache wa kuanzia upya. Mjukuu wake alikuwa akitembea, akianguka, akiinuka. Mama yake alinikumbatia, akaniketisha kivulini mwa nyumba. Mwanamume kijana, mwembamba, mwenye kovu shingoni, alitoka akaniamkia kwa kichwa, akatuletea chai, akakaa mbali kidogo. Nilijua ni nani. Mtoto alimwendea akampanda mgongoni, naye akamshika miguu asianguke. Sikumwuliza alikuwa wapi, naye hakusema. Ila nilipomaliza chai alikuja akaichukua bilauri, akainama zaidi ya inavyohitajika, akasema "Asante, daktari."

Mzee aliniuliza habari za yule askari. Nikamwambia nilipata barua. Ameacha jeshi, amerudi Ukambani, amelima mahindi, ameoa, mvua imenyesha vizuri. Akataka kujua kama miguu ilipona. Nikasema ilipona. Akauliza kama mama yake mzazi yu hai. Nikasema yu hai, anakaa naye.

"Vizuri," akasema. Akamvuta mbuzi mmoja karibu, akaanza kumkamua, na mimi nikavua viatu nikanyoosha miguu, kwa sababu dereva alikuwa amelala chini ya gari, na hakukuwa na sababu yoyote ya kuharakisha kurudi.